Jinsi ya kujifunza taa na kamera kwa kumfuatilia kameramani mmoja wa zamani (tuanze na Karl Freund)

Watu wengi tukicheki muvi za zamani tunakariri waigizaji, tukijitahidi sana tunamjua na dairekta, ila kameramani jina lake linapita pale mwanzoni hata hatulisomi. Sasa kama unataka kujifunza taa na hela ya chuo hamna, mi naona njia nzuri ni kuchagua kameramani mmoja tu umfuatilie muvi kwa muvi, na kila unapokaa kucheki ujiulize hii picha ilipigwa ikaangaliwe wapi, kwenye ukumbi wa sinema wenye giza au kwenye kijiTV cha sebuleni. Ukiwa na hilo swali kichwani, taa nyingi zinaanza kueleweka.

Namchagua Karl Freund maana alipitia kote. Kazaliwa 1890 Bohemia, ambako leo ni Czech, kakulia Berlin, akiwa na miaka 15 tu tayari yuko kwenye chumba cha projekta. Kapiga filamu bubu Ujerumani, akahamia Marekani, akapiga za kutisha, akachukua Oscar kwa The Good Earth ya 1937, halafu uzeeni akaingia kwenye TV. Alifariki 1969.

Usianze na zile za zamani kabisa, utachoka mapema. Anza na I Love Lucy, komedi ya CBS, kituo cha TV cha Marekani, iliyoanza kurushwa Oktoba 1951, episodi ni fupi na taa zake zinasomeka. Ila tafuta ya blakendiwaiti, achana na zile episodi zilizokuja kupakwa rangi baadae. Freund alitaka seti zipigwe rangi ya kijivu, kijivu kilichokoza hapa na kilichofifia pale, sababu TV za wakati ule zilikuwa haziwezi kubeba weusi mwingi na weupe mwingi kwa pamoja, sasa mtu akikuwekea pinki na bluu juu yake ile hesabu yote inapotea.

Zima sauti. Kweli kabisa, zima, maana ukiisikia utacheka na ukicheka umeshasahau taa. Alafu subiri mtu atokee karibu usimamishe picha (upige pozi), angalia kivuli cha pua. Kivuli kikianguka chini kuelekea kushoto ujue taa kubwa iko juu upande wa kulia, kikiwa kifupi chini ya pua taa iko mbele na juu, kisipoonekana kabisa ujue mwanga unatoka kila upande. Ukitoka hapo nenda kwenye macho utafute vinukta vyeupe, mara nyingi kila kinukta ni taa, mwisho ukuta wa nyuma, je kuna kivuli cha mtu au hamna? Chora kwenye karatasi, duara la mwigizaji na mishale ya taa basi, hata kama mchoro ni mbaya haidhuru.

Ukifanya hivo kwa Lucy utaona vivuli ni vichache mno na unaweza kudhani mzee alikuwa mvivu. Hapo ndo inabidi ujue kazi aliyopewa. Lucille Ball na mume wake Desi Arnaz, mastaa wa hiyo komedi, walitaka kubaki Hollywood, wakati shoo kubwa nyingi zilikuwa zinarushwa laivu kutoka New York na upande wa magharibi wa nchi unapelekewa kopi iliyopigwa kutoka kwenye skrini ya TV, imefifia hiyo hatari. Wao wakaamua kupiga kwa filamu ya 35mm, ile ile ya sinema, kamera tatu kwa mpigo, mbele ya watazamaji kama 300, mchezo unaenda kwa mtiririko kama jukwaani. Kwa kameramani wa sinema hilo ni balaa, yeye kazoea anapiga shoti moja, anasimamisha, anapanga taa upya kwa ajili ya klozapu, yaani picha ya sura kwa karibu. Hapa taa inayompendezesha mtu kwa kamera ya kushoto inamuumbua kwa kamera ya kulia, na stendi ukiiweka chini inaingia kwenye fremu ya kamera nyingine, bado hujamziba mtazamaji aliyekuja kuangalia.

Freund mwenyewe mwanzo aliona haiwezekani. Suluhisho lake likawa kupandisha taa karibu zote juu, mwanga sawa kila kona, sakafu inabaki wazi kamera zitembee na magurudumu yake, na kila kamera inabeba kitaa chake kidogo juu ya lenzi cha kujazia macho. Kamera ya katikati inachukua eneo lote kwa lenzi pana, za pembeni zina lenzi ndefu kwa ajili ya sura. Ukiwa na simu tatu na sebule unaweza kujaribu hii hii: washa taa za juu, tandika shuka jeupe ukutani karibu na dari ulielekezee balbu mwanga urudi umetawanyika, weka simu moja kati na mbili pembeni, watu waigize dakika tano bila kukata. Kisha linganisha simu zote tatu, sura ikiwa na weusi usiofanana ujue kuna upande hujaujaza.

Baada ya hapo ruka nyuma mpaka 1924, Der letzte Mann ya dairekta Murnau, stori ya bawabu wa hoteli anayenyang'anywa cheo na yunifomu yake. Kamera inashuka na lifti inatoka inavuka ukumbi wa hoteli, na kwenye sehemu ya ulevi Freund alijifunga kamera kifuani akawa anapepesuka nayo, mtu mwenyewe mnene na kamera za enzi zile nzito! Tafuta kopi iliyosafishwa, zile mbovu weusi wote unakuwa tope moja na hutojifunza kitu. Hapa hesabu mara ambazo kamera inatembea, na kila ikitembea jiulize ni jicho la nani.

Metropolis (1927) usimpe sifa zote, alipiga na Günther Rittau, na vile vioo vya kuunganisha watu na majengo ya modeli ni mbinu ya Eugen Schüfftan. Dracula ya 1931 cheki macho ya Lugosi tu, yule anayeigiza Dracula, vitaa vyembamba vimelengwa pale na sehemu nyingine ya sura iko gizani. Hiyo ukiipeleka kwenye TV ya 1951 ingekuwa doa jeusi.

Ukibakiwa na muda, mi ningeutumia kwenye Key Largo ya 1948. Ni hoteli tena, kimbunga nje, watu wamefungiwa ndani, na ni miaka mitatu tu kabla ya Lucy. Fungua zote mbili ubavu kwa ubavu, pozi kwenye klozapu, linganisha michoro yako.

Kitu cha mwisho cha kuiga kwake ni kupima. Miaka ya 1940 alianzisha kampuni, Photo Research, ikatengeneza vipima mwanga, na baadae Academy, wale wanaotoa Oscar, ikampa tuzo ya ufundi kwa hicho kifaa. Siku hizi app ya kupimia iko kwenye simu, kwa hiyo kwenye lile zoezi la sebuleni tembea na simu kila sehemu waigizaji watakaposimama, andika namba, rekebisha mpaka zikaribiane.

Ukimaliza mfuate Rittau mwenyewe, Der blaue Engel ya 1930 alikuwemo kwenye kamera na Freund hayupo, ukirudi Metropolis baada ya hiyo unaweza kuanza kubahatisha shoti ipi ni ya nani.