Kabla hujampa mtoto jina la bibi, ulizia siku yake

Nina meza ya kujaza fomu na mashine ya kopi hapa Moshi mjini, karibu na stendi ya mabasi. Kila wiki naletewa kadi za kliniki ambazo jina la mtoto bado halijajazwa, au limeandikwa kwa penseli. Wazazi vijana husimama mbele yangu na simu mkononi, wanasoma orodha ya majina na maana zake. "Mama, hili Aikaeli si maana yake asante Mungu? Tuandikie." Hapo naweka peni chini. Aikaeli ni jina langu mimi, na najua kwamba "asante Mungu" ni nusu tu ya maana yake.

Jina la kwetu lina maana ya maneno, na lina maana ya siku. Ya maneno utapewa na yeyote anayejua Kichagga, hata mkiwa mmesimama kwenye daladala. Ya siku ni hii: nani alilitamka, asubuhi gani, kwa jambo gani lililompata. Hiyo ndiyo inayokwenda kaburini na wazee, na ndiyo inayonifanya niwarudishe watu nyumbani kwanza, wakaulize, ndipo waje tuandike kwa peni.

Anza na maneno, maana ndiyo kazi nyepesi. Likate jina. Aika ni asante. Utaisikia sokoni, utaisikia kanisani, utamwambia "aika mae" mama aliyekumiminia chai. Upande mwingine wa mlima Kilimanjaro husemwa haika, ndiyo sababu kuna akina Haika na Haikaeli. Eli ni la Kiebrania, yaani Mungu wangu, ni lile lile alilolia Yesu msalabani katika Mathayo 27:46. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na watu walipoizoea Biblia walilishika neno hilo wakaliunga na maneno yao: Elikunda, Kundaeli, Elirehema, Elifuraha, Elibariki, Eliamani. Kipande kimoja Kiebrania, kingine Kichagga au Kiswahili. Mungu kwa Kichagga chenyewe ni Ruwa, neno ambalo pia ni jua, kwa hiyo mwenye kuitwa Aikaruwa na mwenye kuitwa Aikaeli wameitwa kwa shukrani ile ile.

Kuna mitego. Kunda ni kupenda, haihusiani kabisa na kunde za kula. Elikunda ni Mungu apenda. Na usilisome jina la Kichagga kwa masikio ya Kiswahili. Mangi (yaani chifu) Meli wa Moshi, mtoto wa Rindi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, hakuitwa kwa ajili ya chombo cha baharini, wala kile kipande cha "eli" ndani ya jina lake hakimfanyi kuwa mmoja wa akina Elifuraha. Na kwa familia za Kikatoliki, kama zile za Kilema na Kibosho, mara nyingi cheti kitakuonyesha jina la mtakatifu tu. Babu ni Aloyce, bibi ni Pelagia. Usikate tamaa hapo. Uliza: "Nyumbani alikuwa anaitwaje?" Jina la nyumbani ndilo unalolitafuta.

Halafu hakikisha unamuuliza mtu wa upande husika. Kichagga si kimoja. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakiongea kila mmoja cha kwao, mara nyingi wataishia kwenye Kiswahili ili waelewane. Kimachame kinakaribiana zaidi na Kimeru cha kule Arumeru. Kwa hiyo jina la bibi wa Marangu lisitafsiriwe na jirani wa Kibosho, hata awe mzee namna gani. Wateja wangu wa kutoka Arusha wenye majina ya Kimaasai wana njia fupi kidogo, kwa kuwa mwanzo wa jina humtaja kama ni wa kike au wa kiume: Naserian na Loserian wote wametoka kwenye serian, yaani amani, Na- kwa msichana, Lo- kwa mvulana. Ila na wao siku wataitafuta kama sisi.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi zao. Maana yake ni kwamba hilo jina unalolichunguza huenda halikuzaliwa na wewe. Ukimuuliza mama yako, "Kwa nini mliniita hivi?" atakujibu kwa haki kabisa, "Ni jina la bibi yako," na habari inaishia hapo. Rudi nyuma kizazi kimoja, hata viwili. Siku unayoitafuta ni ya yule aliyekuwa wa kwanza kuitwa hivyo.

Mimi nimebeba jina la bibi mzaa baba. Maisha yangu yote niliamini kwamba walishukuru kwa kupata mtoto salama, na nilitosheka na hilo. Desemba ya mwaka 2009 nilipanda nyumbani Machame kwa Krismasi, nikaenda kumsalimia mdogo wake bibi, aliyekuwa amepita miaka 70. Nilimkuta nje ya jiko anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Nikamuuliza vibaya, kama vijana wanavyouliza: "Bibi, maana ya jina langu ni nini?" Akaniangalia. "Asante Mungu. Kwani hujui Kichagga?"

Nikanyamaza. Nikachukua kisu, nikapaka mafuta mikononi, nikakaa naye kumenya. Beseni lilipofika nusu nikauliza kwa namna nyingine: "Siku dada yako anazaliwa, hapa nyumbani kulikuwa na nini?" Ndizi aliyokuwa nayo akaiacha hivyo hivyo, nusu imemenywa. Akanisimulia kama alivyosimuliwa na mama yao. Mfereji unaoleta maji nyumbani ulikuwa umebomoka juu huko msituni baada ya mvua kubwa. Wanawake walikuwa wanashuka mtoni na vibuyu, wanapanda navyo, na mama yao alifanya kazi hiyo mpaka siku ya uchungu. Wanaume walikuwa juu wanaziba kwa mawe, magogo na udongo, baba yao akiwa mmoja wao, kwa hiyo mtoto alizaliwa usiku baba hayupo. Alfajiri, mama akiwa bado amelala na kichanga, akasikia maji yanapita nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuja kumwambia chochote. Aliyasikia tu, akajua mfereji umepona na mume wake yu hai. Akasema, "Aika, Eli." Bibi akasema, "Jina lenu ni la maji."

Nilizunguka nyuma ya nyumba kwenda kuutazama ule mfereji. Nimeuruka tangu utotoni nikienda kukata majani ya ng'ombe, sijawahi kusimama kuutazama. Siku hiyo maji yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu.

Kwa hiyo nawaambia vijana: msiulize maana, ulizeni siku. Baba yake alikuwa wapi? Mvua ilikuwaje? Nani aliyelitamka kwanza? Kuna jina lingine lililopendekezwa likakataliwa, na nani alilikataa? Hilo la mwisho hufungua midomo kuliko yote. Nendeni alasiri, kazi za asubuhi zikiisha, na msiende mikono mitupu. Sukari kilo moja na majani ya chai vinatosha. Simu ya kurekodi iombewe ruhusa kwanza. Na wakati mzuri kupita wote ni mwisho wa Desemba, ukoo mzima ukiwa umepanda kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kwa kuwa mzee mmoja akikosea wa pili atamsahihisha palepale, na hapo katikati ya ubishi ndipo habari inapokamilika.

Kama waliojua wameshatangulia, nendeni usharikani mkaombe kuangaliziwa kitabu cha ubatizo. Mpelekeeni mchungaji au karani jina la baba wa huyo mtu na mwaka wa kukisia, msimwache apekue vitabu vyote bila dira. Kitabu hakitaeleza sababu ya jina. Kitawapa tarehe, wazazi, na wasimamizi wa ubatizo. Wafuateni hao wasimamizi. Wajukuu wao bado wapo, na mara nyingi msimamizi alikuwa jirani aliyeona kila kitu.

Kuhusu kama jina lina wenyewe bado au limepitwa na wakati, mimi huhesabu kwa fomu zangu. Akina Elifuraha na Elirehema nawaona sana kwenye nafasi ya jina la tatu, maana kwa utaratibu wetu jina la babu ndilo linaloishia kuwa la mwisho. Kwenye nafasi ya kwanza walikuja akina Happiness na Glory, ambao nawapenda, kwa sababu ni shukrani ile ile imevaa nguo nyingine. Na sasa Aika fupi, bila Eli, naiandika tena na tena kwa watoto wachanga. Nafurahi kila mara. Ila namuuliza mama yake, ni asante ya nini?

Mkishajua, andikeni kwa uangalifu. Shuleni mwalimu mmoja alisikia Mikaeli, akaniandika hivyo kwenye daftari la mahudhurio, na cheti changu cha darasa la saba kikatoka na jina la mwanamume. Nilikuja kula kiapo kwa wakili nikiwa mtu mzima, kwa gharama na kwa machozi. Chagueni tahajia moja, Aikaeli au Aikael, na iwe hiyo hiyo kwenye kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo. Mtamkieni anayeandika herufi moja moja, kisha msome kabla ya muhuri, si baada.

Wale wazazi walioniletea jina la Aikaeli walirudi baada ya wiki mbili. Hawakumwita Aikaeli tena. Walikuwa wamepata jina la bibi wa upande wa mama, pamoja na habari yake ya ng'ombe aliyepotea siku tatu. Niliandika jina mbele kwa peni nyeusi, halafu nikatoa karatasi nyeupe, nikaandika ile habari yote jinsi baba alivyoisimulia, na jina la aliyemsimulia, na tarehe. Nikaitoa kopi mbili, moja ya kukunjwa ndani ya kadi, nyingine ya bibi. Hiyo kopi ya bibi huwa silipishi.