Jibu sahihi, kuelewa hakuna: somo la ufahamu wa Kiingereza, Kidato cha Kwanza

Mwalimu mwenzangu, andika ubaoni: "The trelk grimbed a dorf in the vosh." Kisha uliza: "Where did the trelk grimb a dorf?" Darasa zima litajibu, "In the vosh." Tiki! Na nusu ya maneno hayo nimeyatunga tu, hayana maana yoyote. Mtoto aliyesoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili huujua mchezo huu mapema: tafuta neno la swali kwenye kifungu, nakili sentensi yake.

Mimi nauvunja kwa kifungu kifupi cha kujitungia:

"Neema lent Juma her bicycle. He promised to return it before dark. At eight she was still waiting at the gate. Then she heard a bell."

Hatua ya 1: Wabashiri. Andika "bicycle", "dark" na "gate" tu. Wawili wawili wabuni kisa, kwa Kiswahili. Ndiyo, najua kibao cha "No English, no service" kimebandikwa mlangoni mwa ofisi. Kwa dakika hizi tano, kisahau. Aliyebashiri husoma akitaka kujua kama amepatia.

Hatua ya 2: Kata sentensi. Kila kikundi cha watano kipewe sentensi nne kwenye vipande vya manila vilivyochanganywa, wazipange. Usisahihishe, uliza "mmejuaje?" Wakikwambia "he" haiwezi kuanza kwa sababu Juma hajatajwa, kazi imeanza.

Hatua ya 3: Mishale. Kutoka kila "he", "she" na "it", wachore mshale hadi kwa mwenyewe. "Yeye" yetu haibagui mke na mume, kwa hiyo wengi huruka maneno haya bila kuyatazama.

Hatua ya 4: Funika kifungu, uliza lisilonakilika. Je, Juma alitimiza ahadi?

Hapa ndipo nilipopata somo mimi. Mara ya kwanza, wengi walisema Juma hana kosa, muda bado. Nikadhani hawajui "dark". Nikaanza kuieleza, tena kwa ukali kidogo, hadi binti mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, kwani saa nane si mchana?"

"Eight" walikuwa wameisoma sawasawa, ila kwa saa zetu. Nikachora saa ubaoni: mshale mfupi ukiwa kwenye 8, Mwingereza anasema "eight", sisi tunasema saa mbili. Darasa likaguna, na Juma akageuka mkosaji papo hapo. Kama ningeuliza "When was Neema waiting?" wangeandika "At eight", ningetia tiki, na kosa lingebaki limejificha chini ya wino wangu mwekundu.

Kwa hiyo kila jibu lifuatwe na "kwa nini?", hata lililo sahihi. Hasa lililo sahihi.

Hatua ya 5: Igizo na sentensi ya tano. Wawili waigize getini, wa tatu apige kengele. Kisha kila mmoja aandike kwa Kiingereza kinachofuata. Makosa ya sarufi yaache kwanza, angalia kama sentensi inafuatana na kisa.

Mmoja aliniandikia: "It was not Juma. It was ice cream man." Aiskrimu saa mbili usiku! Nilimpa alama zote.