pH ya tangi la matumbawe ikishuka, anza na hewa ya chumba

Naishi Muscat, kwenye fleti. Kuanzia Mei hadi Septemba madirisha hayafunguliwi, kiyoyozi usiku na mchana. Kiangazi cha kwanza cha tangi langu la lita 300, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, maji yamezidi kuwa na asidi) ilikuwa 7.7 alfajiri na haikuvuka 7.9 jioni. Nikawa natia unga wa kupandisha pH kila asubuhi. Ilipanda saa chache ikarudi palepale, huku alkali (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) ikijilimbikiza hadi 13 dKH. Ncha za Acropora, aina ya tumbawe lenye matawi, ziliungua, zikawa nyeupe kama chaki, na lile tumbawe sikuliokoa. Nakusihi, usitie kitu majini kabla hujajua pH inashushwa na nini.

Hatua ya 1. Rekebisha kipimo chako kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 10. Vipimo vingi hupotoka kimyakimya.

Hatua ya 2. Pima alkali. Ikiwa chini ya 7 dKH, ipandishe kwanza, polepole. Ikiwa kati ya 7 na 11, mshukiwa mkuu ni hewa ukaa.

Hatua ya 3. Thibitisha kwa majagi mawili. Chota lita moja ya maji ya tangi katika kila jagi, upime pH. Moja liweke sebuleni, jingine roshani, kila moja na jiwe lake la hewa (lile la kutoa mapovu, linalounganishwa na pampu ya hewa), yatokote mapovu kwa saa nzima. Huku kwetu fanya alfajiri, jua lisije likachemsha maji. Pima tena. Langu la roshani lilipanda hadi 8.2, la sebuleni likabaki 7.8. Hapo jibu limepatikana: maji hayana kosa, chumba ndicho kimejaa pumzi zetu. Hewa ya nje ina hewa ukaa kama sehemu 420 kwa milioni, lakini sebule iliyofungwa, watu wamekaa na jiko la gesi linawaka, hupita 1,000 kwa urahisi. Hewa hiyo ikiyeyuka majini huwa asidi.

Majagi yote mawili yakipanda sawasawa, shida ni tangi lenyewe kukosa mzunguko wa hewa. Elekeza pampu juu, uso wa maji utikisike.

Hatua ya 4. Ivutishe skima (mashine inayosafisha maji ya tangi kwa mapovu) hewa ya nje. Unganisha mpira kwenye tundu lake la hewa, upitishe dirishani. Chagua mpira mpana, kwa sababu mwembamba na mrefu huikaba skima. Mdomo wa nje uzibe kwa kichujio cha vumbi, na siku ya kupuliziwa dawa ya mbu uuingize ndani mapema. Usiporuhusiwa kugusa dirisha, pitisha hewa ya skima kwenye kopo la chembe za soda na chokaa, zilezile za mashine za nusu kaputi. Zile zenye rangi ya kuashiria mara nyingi hugeuka zambarau zikichoka.

Hatua ya 5. Usiku pH hushuka kwa kuwa viumbe wote wanapumua na hakuna anayekula hewa ukaa. Ukiwa na tangi dogo la mwani chini, washa taa yake wakati ya juu imezimwa.

Hatua ya 6. Kama bado haitoshi, maji ya chokaa. Sisi wa pwani chokaa tunaijua, nyumba za Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Lakini ya ujenzi usiitie. Tumia safi ya kiwango cha chakula, gramu 1.5 kwa lita ya maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando). Iache ituame, uchukue maji maangavu tu, yadondoke usiku tone kwa tone kufidia yaliyovukizwa. Usimimine kwa mkupuo: pH yake inapita 12, inaunguza ngozi na macho, vaa glavu na miwani. pH ya tangi ikikaribia 8.5, simamisha.

Andika vipimo viwili kila siku, kabla taa haijawaka na kabla haijazimwa. Baada ya wiki mbili za mpira wa dirishani, daftari langu lilisoma 8.0 na 8.25, na sikuwa nimefika hatua ya 6.