Namna ya Kuvuka Linta Bila Kulitelekeza Boma

Anayejenga nyumba yake kwa mshahara au kwa faida ya duka mara nyingi hakwami kwenye msingi. Msingi huchimbwa kwa shangwe, tofali hupanda kozi kwa kozi, na kila Jumapili mwenye nyumba huwa na jambo jipya la kutazama. Hamu huanza kufifia baada ya kumwaga linta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na sababu yake si uvivu: kupaua kunadai mbao, misumari, bati na malipo ya fundi kwa mkupuo mmoja, hivyo mtu hudunduliza kwa miezi mingi huku boma, yaani kuta zisizo na paa, likiwa vilevile alivyoliacha. Ukipita pembezoni mwa Dar es Salaam utayaona maboma ambayo mipapai imeshaota sebuleni.

Anza kwa kuacha kulihesabu paa kama deni moja. Mlete fundi wa kupaua apime, kisha akuandikie orodha kamili yenye idadi ya mbao za inchi 2x4 na 2x2, kilo za misumari, bati na kofia zake za kufunika kilele cha paa, nawe uwe unakata kila kilichopatikana. Anayejiambia kwamba amebakiza mamilioni huchoka kabla ya kuamka, lakini anayejua kwamba amebakiza bati 18 anajua pia mwezi huu atanunua ngapi.

Mpangilio wa manunuzi nao una uzito wake, kwa kuwa hakuna kinachovunja moyo kama mali iliyoharibikia stoo. Bati zisizo na rangi zinaweza kununuliwa kidogo kidogo, mradi zihifadhiwe pakavu, zikiwa zimeinuliwa kutoka sakafuni na kuinamishwa kidogo, kwa sababu maji yakinasa katikati ya bati na bati huacha madoa meupe na kula zinki. Bati za rangi ni afadhali kuzinunua zote pamoja, kwani rangi ya toleo moja huweza kutofautiana na ya jingine. Mbao zisubiri hadi fundi awe tayari, la sivyo zitapinda. Saruji iwe ya mwisho kabisa. Mfuko wa kilo 50 uliokaa zaidi ya miezi 3 kwenye unyevu wa pwani huwa umepungua nguvu, hata kama haujaganda.

Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, kitangaze mapema kuwa ni cha kuweka akiba, ili usijilaumu kwa kusimama, na upange kupaua kati ya Juni na Septemba. Hata hivyo, usikae bila kufika kiwanjani. Fyeka majani, ng'oa miche iliyoota ndani, chimba shimo la choo, panda miti ya kivuli. Kazi hizi ni za gharama ndogo lakini zinaonekana. Jihadhari tu na kishawishi cha kubadili ramani wakati huo wa kungoja. Chumba kinachoongezwa kwenye karatasi jioni moja huongeza mwaka mzima wa kudunduliza.

Paa likishakamilika, wengi hushauri kumaliza nyumba yote ndipo mtu ahamie. Mimi sikubaliani nao. Maliza chumba kimoja, choo na mlango imara, kisha uhamie, ili kodi uliyokuwa ukilipa kila mwezi ianze kununua saruji ya plasta ya vyumba vilivyobaki.