Masharti katika Python: programu ilipofuta deni hata ukijibu hapana

Jumamosi nilikaa na mpwa wangu, ambaye amehamishia daftari la madeni ya duka la mama yake kwenye programu ya Python. Ilikuwa na tatizo moja tu. Ikiuliza kama ifute deni, ukijibu ndiyo inafuta, na ukijibu hapana inafuta vilevile. Nililitambua kosa hilo mara moja, kwa sababu nilipokuwa najifunza liliwahi kunikesha usiku mzima. Tulivyolitatua ndivyo nilivyoandika hapa, kuanzia mwanzo.

Hatua ya 1: Fungua Thonny

Ni programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo wa Python. Ni ya bure, inakuja na Python ndani yake, na ukishaisakinisha huhitaji bando kuitumia. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, mahususi kwa wanaoanza. Anayeanza simshauri kabisa atumie vihariri vikubwa vya watu wa kazini. Faida ya Thonny utaiona hatua ya 3.

Hatua ya 2: Sharti la namba

```
deni = int(input("Deni ni shilingi ngapi? "))

if deni >= 50000:
    print("Asikopeshwe tena")
elif deni >= 20000:
    print("Akumbushwe kulipa")
else:
    print("Akopeshwe")
```

Kila sharti limalizie na nukta pacha, na mistari iliyo chini yake isogee ndani nafasi nne. Python husoma kutoka juu na kuishia kwenye sharti la kwanza lililo kweli, kwa hiyo kiasi kikubwa kinatangulia. Ukiiweka 20000 juu, mwenye deni la 80,000 ataambiwa akumbushwe tu, na mzigo ataendelea kuchukua.

Hatua ya 3: Sharti la maneno

Hapa nenda taratibu. Mpwa wangu alijua kuwa kuna watakaoandika "ndiyo" na watakaoandika "ndio", akaamua kupokea yote mawili:

```
jibu = input("Nifute deni hili? ")
if jibu == "ndiyo" or "ndio":
    deni = 0
```

Kwa masikio yetu hakuna kasoro: jibu likiwa ndiyo au ndio, futa. Lakini Python inaona maswali mawili yaliyotenganishwa na `or`. La kwanza: je, jibu ni sawa na "ndiyo"? La pili ni neno "ndio" peke yake, halilinganishwi na chochote. Na kwa Python, neno lolote lenye herufi walau moja huhesabiwa kuwa kweli. Kinachohesabiwa uongo ni vitu kama maandishi matupu, sifuri, `None` (yaani "hakuna kitu") na orodha isiyo na kitu. Basi upande wa pili ni kweli daima, na deni linafutwa daima.

Kinachokula muda ni kwamba hakuna maandishi mekundu ya kuonyesha kosa. Programu inaendelea kama kawaida, nawe unaanza kushuku faili la madeni, unashuku hesabu, unashuku hata kompyuta. Ndiyo maana nang'ang'ania Thonny: bonyeza kitufe chenye picha ya mdudu, kisha F7 mara kwa mara, na utaona sharti likikokotolewa kipande kwa kipande. Jibu "hapana" na utaona upande wa kwanza ukigeuka `False`, halafu sharti zima likageuka `'ndio'`. Mpwa wangu alipoliona hilo hakuhitaji maelezo yangu tena.

Dawa yake:

```
jibu = input("Nifute deni hili? ").strip().lower()
if jibu in ["ndiyo", "ndio"]:
    deni = 0
else:
    print("Deni limebaki")
```

`strip` inaondoa nafasi zilizoachwa mwanzoni na mwishoni, `lower` inashusha herufi kubwa. Unaweza pia kurudia `jibu ==` kila upande wa `or`, lakini mimi siipendi njia hiyo: siku ukiongeza jibu la tatu, ni rahisi kusahau.

Tumia mabano ya mraba kama nilivyofanya. Ukiandika `in ("ndiyo")` kwa mabano ya kawaida na neno moja bila mkato, Python haioni orodha, inaona neno tu, kisha inatafuta kama jibu lako ni kipande cha neno hilo. Mtu akiandika "n", deni limekwenda. Akibonyeza Enter bila kuandika kitu, limekwenda pia, kwa kuwa maandishi matupu huhesabiwa kuwamo ndani ya kila neno.

Kukanusha nako kuna mtego. `if jibu != "ndiyo" or jibu != "ndio"` ni kweli siku zote, maana jibu moja haliwezi kuwa maneno yote mawili kwa wakati mmoja. Andika `if jibu not in ["ndiyo", "ndio"]`.

Tena, kitendo kisichorudishika kifanyike kwa kibali cha wazi tu. Jibu lolote lisiloeleweka liangukie kwenye `else`, deni libaki.

Hatua ya 4: Jaribu mipakani

Kwa namba, ingiza 19999, 20000, 49999 na 50000. Kwa maneno, jaribu ndiyo, NDIO, hapana, n, na Enter tupu. Fanya hivyo kwenye nakala ya faili la madeni, usiguse faili lenyewe. Kati ya majibu hayo matano, mawili ya kwanza tu ndiyo yafute deni.