Kusafisha Sampuli za Viungo Kabla ya Kupima Mabaki ya Viuatilifu

Manjano au pilipili manga iliyonunuliwa Ngara, Nairobi, husumbua maabara kuliko nyanya ya soko la Marikiti, kwa kuwa imejaa mafuta na rangi zinazoweza kufunika dalili za viuatilifu kwenye mashine. Mbinu ya QuEChERS, yaani njia ya haraka ya kutoa viuatilifu kwenye sampuli na kuisafisha, iliyochapishwa mwaka 2003, ilibuniwa kwa matunda na mboga zenye maji mengi, hivyo kiungo kikavu sharti kiloweshwe kwanza.

Saga kiungo kiwe unga laini, pima gramu 2, ongeza mililita 10 za maji na usubiri nusu saa. Mimina mililita 10 za asetonitraili (kiyeyushi kinachovuta viuatilifu), tikisa kwa nguvu, kisha tia gramu 4 za salfeti ya magnesiamu na gramu 1 ya chumvi ya maabara (sodiamu kloridi). Tikisa papo hapo, la sivyo utapata mabonge kama ya ugali uliosongwa vibaya. Mrija utapata joto mkononi, usishtuke.

Baada ya kuzungusha mrija kwa kasi kwenye sentrifuji ili matabaka yatengane, hamisha tabaka la juu, lenye asetonitraili, kwenye mrija wenye unga wa kusafishia uitwao PSA, unaonasa asidi za mafuta na sukari, pamoja na unga mwingine, C18, unaonasa mafuta. Kaboni nyeusi huondoa rangi, lakini ikizidi hunasa pia viuatilifu vyenye molekuli bapa, kama thiabendazoli na heksaklorobenzini. Kwa maoni yangu, heri kimiminika kibaki na umanjano kidogo kuliko kupoteza kile unachokitafuta.

Viwango vya kulinganishia, yaani miyeyusho yenye kiasi kinachojulikana cha kiuatilifu, viandaliwe ndani ya dondoo la kiungo kilekile kisicho na viuatilifu, si katika asetonitraili tupu.