Eleza chipu, si draiva
Ukiandika maelezo ya chipu ya Wi-Fi kwa ajili ya kerneli (kiini) ya Linux, yaani yale ya devicetree yanayosema maunzi yakoje, yanayoandikwa kwa muundo wa YAML na kukaa kwenye folda ya Documentation/devicetree/bindings/net/wireless, eleza chipu yenyewe. Mambo ya draiva, programu inayoendesha chipu, yaache kwenye draiva, maana maelezo hayo hutumika hata nje ya Linux, mfano kwenye U-Boot, programu inayowasha kifaa kabla ya mfumo endeshi. Taja intarapti (ishara ambayo chipu huitumia kuita prosesa), umeme unaoingia, saa (mapigo yanayoongoza kazi ya chipu), na kwenye compatible, sehemu ambayo draiva huitumia kuitambua chipu, weka jina kamili la chipu husika. Tafadhali usiweke jina la familia nzima: toleo moja likija na kasoro yake, draiva inaweza kukosa namna ya kulitambua. Kabla ya kutuma, endesha amri ya make dt_binding_check. Hukagua maelezo yako, hata mfano ulioandika mwishoni. Kiraka (fungu la mabadiliko unayotuma) cha maelezo kiende peke yake, kikitangulia cha draiva.